Khadija wa akika, Bimkubwa wa cheti: uchambuzi wa kisa cha Siyu

Msichana wa gredi ya sita, mwenyeji wa Siyu katika kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, Kenya, anatakiwa kusajiliwa kwa KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi hiyo. Mwalimu anamwagiza alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Daftari la shule limemwandika Khadija Athman Omar. Cheti kinasema Bimkubwa Athman. Pale pa jina la mama pameandikwa Fatuma Athman, ilhali kitambulisho cha mama ni Fatma Bakari Lali. Chuoni, yaani madrasa, ameandikwa kwa herufi za Kiarabu, Khadija binti Athman. Na nyumbani hakuna amwitaye Khadija. Mamake humwita Bimkubwa, babake humwita Bimkubwa, na bibi yake mzaa baba humwita "somo", yaani mwenye jina moja naye.

Kisa hiki ni cha mfano na majina yaliyomo tumeyapanga sisi, lakini kila hatua yake hutokea katika nyumba za Lamu, Siyu, Faza na Kizingitini. Tunakieleza kwa urefu kwa sababu lawama zake hutupwa pasipo mahali pake. Hospitalini husemwa kwamba wazazi wa huku hawana msimamo juu ya majina ya watoto wao. Nyumbani husemwa kwamba muuguzi alijiandikia apendavyo. Ukikifuata kisa tangu mwanzo utaona muuguzi aliandika alichoambiwa, na mama alisema alichopaswa kusema kwa adabu aliyolelewa nayo. Kilichokosekana ni karatasi moja ndogo iliyoandikwa kabla ya uchungu kuanza.

Kwa nini Khadija, na kwa nini haitwi Khadija

Mtoto huyu ni wa kwanza. Katika nyumba nyingi za visiwani, msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba, na mvulana wa kwanza jina la babake baba. Wanaofuata huchukua majina ya upande wa mama. Mwenye jina akiwa hai, heshima huwa kubwa zaidi, maana anamwona somo wake akikua. Somo ana haki zake. Hutarajiwa kumletea mtoto zawadi, kumtetea akigombezwa, na wakati mwingine kumlea kabisa. Mtoto naye hujua kwamba ana mtu mmoja katika ukoo ambaye ni wake zaidi ya wengine.

Khadija lenyewe ni jina la nyumba ya Mtume, kama yalivyo Fatuma, Aisha, Zainab, Rukia, Kulthum na Hafswa, ndiyo maana halihitaji kutetewa mbele ya yeyote. Pamoja na hayo, visiwa hivi vina desturi ya kuyavika majina ya wanawake neno la heshima, Mwana: Mwanaisha, Mwanahawa, Mwanaidi, Mwanajuma. Mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika karne ya 19, tunamjua kwa jina la Mwana Kupona binti Mshamu, na binti yake Mwana Hashima. Heshima na jina vimeshikana hata mtu wa mbali hajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kwenye fomu jambo hili huleta shida yake tutakayoirudia.

Sasa mkaza mwana, yaani mke wa mwana, anapompa mtoto wake jina la mavyaa yake, mama wa mumewe, anajifunga ulimi. Jina la mavyaa halitajwi ovyo na mkaza mwana. Huitwa mama, au bibi wa watoto. Je, jina hilohilo likiwa la mtoto wake mwenyewe? Hawezi kusimama uani akapaza sauti, "Khadija, acha uchafu huo!" na Khadija mkubwa yumo ndani anasikia. Hapo ndipo mtoto hupata jina la nyumbani: msichana huwa Bimkubwa, Bibi, Mama au Nana, mvulana huwa Babu, Bwana au Mzee. Ni jina la heshima anayoonyeshwa mtoto kwa ajili ya mkubwa aliyemrithi jina.

Zingatia mpaka wa katazo hili, kwa sababu ufumbuzi wote wa kisa umo hapa. Linalofungwa ni ulimi wa mkaza mwana. Jirani akimwita yeye "Mama Khadija", haoni vibaya. Wifi zake wakimtaja Khadija mdogo kwa jina lake, hapana tatizo. Mwalimu wa chuo akiliandika, hapana tatizo. Mama mwenyewe akiliandika kwa kalamu bila kulitamka, hapana mkubwa wa Siyu atakayemwambia amevunja adabu.

Wodini, siku ya pili

Mama alijifungulia hospitali mjini Lamu. Mama aliyejifungua salama kwa kawaida huruhusiwa baada ya siku moja au mbili, na taarifa ya kuzaliwa hujazwa kabla hajaondoka. Kwa mtu wa kisiwa cha Pate siku ya kuruhusiwa ina haraka ya aina yake: boti za Mtangawanda na Faza, bandari za kisiwa hicho, hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa. Ukiachwa na maji umeachwa na safari.

Kwa hiyo mama huyu amekaa kitandani, kikapu kimefungwa, mamake mzazi amesimama mlangoni na mtoto mikononi, na nahodha ameshapiga simu mara mbili. Muuguzi ameshika fomu.

"Mtoto aitwa nani?"

Kimya kidogo. Mama anamtazama mamake. Jina limeshakubaliwa tangu mimba ya miezi saba, lakini halijatangazwa, na la kutangazwa si lake yeye kulitamka.

"Bimkubwa."

"Bimkubwa nani?"

"Bimkubwa wa Athman."

Muuguzi anaandika Bimkubwa Athman. "Na wewe?" "Fatuma." Anaandika Fatuma, na kwa kuwa baba ni Athman, anamalizia Fatuma Athman. Wanaondoka, wanaiwahi boti.

Yafaa kuona kwa nini hapa hapana aliyeshtuka. Mama angesema "Kibibi changu" au "Mtoto wa Athman", muuguzi angeuliza tena. Lakini Bimkubwa ni jina kamili. Kuna wanawake wazima pwani nzima wenye jina hilo kwenye vitambulisho vyao. Vivyo hivyo Mwinyi, Bwanamkuu, Mwana. Jina la utani kama "Kidogo" hujitambulisha lenyewe kuwa si la rasmi, la heshima halijitambulishi. Tukilinganisha, majina haya ya nyumbani yenye heshima ndiyo yanayoingia kwenye vyeti kwa urahisi kuliko lakabu nyingine zote.

Siku ya saba, Siyu

Akika, sadaka ya mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga, ilifanywa Siyu siku ya saba. Mbuzi mmoja kwa kuwa ni msichana; wangekuwa wawili kama ni mvulana. Mtoto alinyolewa, na sadaka ikatolewa kwa kadiri ya uzito wa nywele kwa fedha. Shangazi yake, dadake Athman, alilitaja jina: Khadija binti Athman bin Omar. Bibi akampakata somo wake. Hapo jina limekamilika mbele ya watu wote wanaomhusu mtoto, na hapana hata mmoja katika waliohudhuria aliyekumbuka kwamba kuna fomu mjini yenye jina jingine.

Kalenda ya hospitali na kalenda ya akika hazijawahi kukutana. Moja huuliza jina siku ya pili, nyingine hulitoa siku ya saba. Baadhi ya wazazi hudhani kulitoa mapema ni kuikiuka sunna. Sivyo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alisema amezaliwa mtoto usiku ule naye amemwita kwa jina la baba yake Ibrahim. Kumpa mtoto jina siku ya kwanza ni sunna, na kulitangaza siku ya saba pamoja na akika ni sunna. Familia inaweza kuliandika hospitalini na bado ikalitangaza kwa furaha yake yote nyumbani. Mashekhe wetu wakiulizwa hulisema hili wazi. Tatizo ni kwamba hawaulizwi mapema; muuguzi ndiye anayetangulia kuuliza jina.

Makosa mengine mawili ndani ya cheti hicho

Jina la mama ni zito kuliko lionekanavyo. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani habadili jina akiolewa. Anabaki binti wa babake hadi kaburini. Cheti cha Kenya kina nafasi ya jina la mama pamoja na jina la ubinti wake. Anayejaza fomu kwa mazoea ya bara, ambako mke hubeba jina la mume, humwandika Fatuma Athman. Msomaji wa pwani akiiona karatasi hiyo anasoma kwamba Fatuma ni binti wa Athman, yaani mume na baba wamekuwa mtu mmoja. Ukiacha aibu, karani wa vitambulisho akimlinganisha Fatuma Athman wa kwenye cheti na Fatma Bakari Lali wa kwenye kitambulisho, anaona watu wawili. Kwa jamii za pwani ambazo kwa miaka mingi mwombaji wa kitambulisho aliweza kuulizwa hata karatasi za babu yake, tofauti hiyo ilikuwa mlango wa maswali ya miezi.

Kosa la pili ni mnyororo uliokatwa. Jina la Mswahili husomwa hivi: la mtu, la baba, la babu. Bin na binti zimeachwa kwenye karatasi za serikali, lakini mpangilio umebaki. Cheti cha mtoto huyu kiliachwa na viungo viwili tu, Bimkubwa na Athman. Wengine hufanya kinyume chake: huruka jina la baba wakachukua la babu kama "jina la ukoo". Madhara yake hufika shuleni. Omar ana watoto wawili wa kiume, Athman na Ali. Kila mmoja amempa binti yake wa kwanza jina la mama yao. Kwa mnyororo kamili wapo Khadija Athman Omar na Khadija Ali Omar, na hapana utata. Ondoa jina la baba, unabaki na akina Khadija Omar wawili, binamu, pengine wamezaliwa mwaka mmoja na wanasoma darasa moja. Matokeo ya mtihani, kadi za kliniki na pesa za basari za watoto hawa yatabadilishana, na kila mara mzazi ataapa kwamba amedhulumiwa. Jina la katikati ndilo linalowatenganisha; katika mpangilio wetu ndilo la mwisho kuachwa.

Tulisema tutairudia Mwana. Mtoto akiandikwa "Mwana Khadija Athman", kompyuta husoma jina la kwanza Mwana, la pili Khadija, la mwisho Athman. Khadija, jina lake mwenyewe, limekaa mahali pa baba. Ndivyo pia "Abdul Rahman" kwa nafasi katikati: mvulana huwa Abdul mwana wa Rahman. Majina ya namna hii yaandikwe kwa kuunganishwa, Mwanakhadija, Abdulrahman, na yabaki hivyo kwenye kila karatasi.

Kipi kinasahihishwa, kipi kinabadilishwa

Wazazi hufika ofisi ya usajili wakisema, "Jina limekosewa, turekebishieni." Huko hurudishwa, kwa sababu wameweka mambo matatu katika fungu moja.

Tahajia ni jambo jepesi. Athman, Athumani, Othman na Uthman ni jina moja kwa masikio yetu, ila kwenye mfumo ni majina manne. Vivyo hivyo Saleh na Swaleh, Fatma na Fatuma, Hadija na Khadija. Huu ni upotofu wa maandishi, na husahihishwa kwa ombi lenye nakala za vitambulisho vinavyoonyesha tahajia sahihi.

Jina la mama ni kosa la ukweli. Fatma hakuwahi kuwa binti wa Athman. Husahihishwa kwa hati ya kiapo inayoeleza kilichoandikwa, kilicho kweli, na jinsi kosa lilivyotokea, ikiambatanishwa na kitambulisho cha mama, cheti cha ndoa cha kadhi, na ikiwezekana kadi ya kliniki ya wakati wa ujauzito, ambayo mara nyingi huwa imemwandika kwa jina la babake.

Bimkubwa si kosa kwa macho ya sheria. Mtoa habari aliulizwa, akasema, ikaandikwa. Hapa wazazi wanaomba jina libadilishwe, na hilo lina utaratibu wake. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo humruhusu mzazi kuandikisha jina jipya la mtoto ndani ya miaka miwili tangu kusajiliwa, kwa ada na kwa ushahidi ambao msajili ataridhika nao. Ndani ya muda huo barua ya imamu au ya mwalimu wa chuo aliyehudhuria akika, pamoja na kadi ya chanjo iliyoandikwa Khadija, ni ushahidi mzuri. Miaka miwili hiyo ndiyo nafasi ambayo familia hii iliipoteza bila kujua kwamba ilikuwa nayo. Cheti kilikaa kwenye sanduku kimekunjwa. Kilifunguliwa mwalimu alipokitaka.

Baada ya miaka miwili, njia iliyobaki ni hati ya kubadili jina inayotayarishwa na wakili. Mzazi huitia saini kwa niaba ya mtoto, ikasajiliwa kwa msajili wa hati, na tangazo lake likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hati hiyo ndiyo inayounganisha jina la kwanza na jina la sasa, na lazima ihifadhiwe pamoja na cheti maisha yote.

Familia iliamua nini

Walikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuiambia shule ifuate cheti: mtoto afanye mtihani kwa jina la Bimkubwa Athman. Ni rahisi na ni ya siku moja, na kwa familia isiyo na uwezo wa wakili hatuwezi kuilaumu. Bimkubwa ni jina jema. Lakini bibi aliposikia alinyamaza siku nzima. Kwake ilikuwa na maana kwamba mjukuu aliyepewa jina lake mbele ya watu amenyang'anywa mbele ya serikali, na kwamba mkaza mwana alifanya hivyo kwa makusudi. Mama alieleza kwamba alilificha jina kwa sababu ya heshima kwake. Wote wawili walikuwa wakisema jambo lile lile, na ilibidi shangazi awakalishe pamoja ndipo waelewane.

Ya pili ililetwa na mtu aliyejipendekeza nje ya ofisi: wajifanye mtoto hajawahi kusajiliwa, waombe usajili uliochelewa kwa jina la Khadija, wapate cheti kipya. Baba alivutiwa, maana aliambiwa ni mambo ya wiki mbili. Tunasema kwa mkazo: njia hii isikanyagwe. Ni kutoa taarifa ya uongo kwa msajili, nayo ni hatia. Zaidi ya hatia, humwacha mtoto mmoja na namba mbili za usajili. Siku atakayoomba kitambulisho akiwa na miaka 18, au pasipoti ya kwenda umra, namba ya kwanza ikijitokeza atakayeshukiwa ni yeye msichana, wala si yule mtu wa nje ya ofisi.

Ya tatu ndiyo waliyoishika, na mpango wa kuifuata ulikuwa huu. Walianza na kiapo cha mama na ombi la kusahihisha jina lake, maana hati yoyote ya mtoto itataja jina la mama, na haifai kuijenga juu ya kosa. Walipopata cheti kilichosahihishwa upande wa mama, ndipo wakaenda kwa wakili kwa hati ya kubadili jina la mtoto kutoka Bimkubwa Athman kuwa Khadija Athman Omar. Waliingiza jina la babu humohumo ili mnyororo utimie mara moja badala ya kurudi tena. Shule ilipewa nakala ya hati pamoja na cheti kabla ya usajili wa watahiniwa kufungwa. Yalibaki mambo madogo: kadi ya bima ya afya, kijitabu cha kliniki, akaunti ya benki ya mtoto.

Wangeweza kuchelewesha, waseme hili litafanywa akimaliza sekondari. Kwa maoni yetu hilo lingekuwa kosa kubwa. Kila karatasi inayotolewa kwa jina la zamani huongeza karatasi ya kubadilishwa baadaye, na cheti cha mtihani wa taifa ni kigumu kukibadili kuliko daftari la darasa. Ukibadili jina mtoto ana cheti kimoja, umebadili kimoja.

Kuna pia kile kiapo cha "majina haya mawili ni ya mtu mmoja", ambacho wengi hukimbilia kwa sababu hupatikana kwa asubuhi moja. Kina kazi yake: benki, chama cha akiba, au mahakama ya kadhi inapogawa mirathi na warithi wakataka kuthibitisha kwamba Bimkubwa wa kwenye karatasi fulani ndiye Khadija wao. Ni kiraka cha haki kwa mtu mzima ambaye karatasi zake zimeshatapakaa. Kwa mtoto aliye bado na nafasi ya kunyoosha shina, ni kumwachia kazi aifanye mwenyewe.

Karatasi ya kikapuni

Familia inayongoja mtoto yaweza kuepuka haya yote kwa kuandika karatasi moja mwezi wa nane wa mimba na kuiweka ndani ya kijitabu cha kliniki. Iandikwe kwa herufi kubwa zilizotengana. Iwe na majina matatu ya mtoto akiwa msichana, na matatu akiwa mvulana, yote yakifuata mpangilio wa mtu, baba, babu. Chini yake majina ya baba kama yalivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, hata kama wenyewe mwaona kitambulisho kimekosea. Mtoto afuate kitambulisho, kisha kitambulisho kikisahihishwa kisahihishwe kwa utaratibu wake. Halafu majina ya mama kwa kitambulisho chake, na mstari mmoja wa kumwambia muuguzi kwamba mama haandikwi kwa jina la mume. Mkingojea pacha, andikeni majina ya wote wawili na nani atangulie: Hassan na Hussein kwa wavulana huwa tayari midomoni mwa watu, lakini nani kati yao alizaliwa kwanza husahaulika haraka, na saa ya kuzaliwa iko kwenye faili la hospitali tu.

Mama asiyeweza kulitamka jina la mavyaa ampe muuguzi karatasi. Au wifi asimame naye wakati wa fomu. Kwa wifi jina hilo ni la mama yake, naye atalisema bila kusita. Kama jina bado lina mvutano kati ya pande mbili za familia, ni afadhali kumwambia muuguzi wazi kwamba halijakubaliwa kuliko kutoa la nyumbani ili fomu iishe. Nafasi tupu ya jina hujazwa ndani ya ile miaka miwili kwa urahisi zaidi kuliko jina lililokwisha kukaa.

Kabla ya kutoka wodini, isomeni fomu kwa sauti mstari kwa mstari, pamoja na tarehe na jinsia. Cheti kikitoka, fanyeni vivyo hivyo siku hiyohiyo, na mkilinganishe na karatasi. Aliyezalia nyumbani Siyu au Kizingitini kwa mkunga atatoa taarifa kwa naibu chifu, na karatasi ni ileile. Asingoje kupita miezi sita, maana baada ya hapo huhesabika kuwa usajili uliochelewa na ushahidi unaotakiwa huongezeka.

Katika familia ya kisa hiki mama ana mimba ya pili, na akizaliwa mvulana ataitwa Omar. Atakuwa Omar Athman Omar, mjukuu wa Omar ambaye naye ni mwana wa Athman: babu na mjukuu watalingana majina mawili ya mwanzo, na kwenye karatasi ya shamba la minazi ni Omar Athman peke yake aliyeandikwa. Tumewashauri wamwandike mtoto majina yote matatu na kumalizia na la ukoo, na babu aongezewe jina la tatu kwenye hati ya shamba angali hai na aweza kutia saini mwenyewe.